Jangwani: kutoka mpaka hadi baraza

Upande wa Magomeni, ukishuka kutoka barabara kuu kuelekea mtoni, kuna sakafu ya nyumba ambayo kuta zake hazipo tena. Saruji imebaki na wekundu wake uliopauka, na mahali palipokuwa na mlango utapajua kwa kizingiti tu. Jioni muuza kahawa huweka jiko lake la mkaa hapo juu, na birika, na vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, na kashata kwenye sinia. Nilimwamkia mzee aliyekuwa amekaa pembeni. Akaitikia marahaba, akasogea kunipisha bila kuuliza nimetoka wapi.

"Hapa palikuwa sebuleni kwa jirani yangu," akasema. "Kaa tu, mwanangu. Watu tumezoea kukutana hapa."

Kisa ninachokichambua ni cha kipande hiki cha Bonde la Msimbazi, jijini Dar es Salaam, kuanzia Jangwani inapokatiza Barabara ya Morogoro hadi kwenye mikoko ya Salenda, mto unapoingia Bahari ya Hindi. Serikali inataka kukigeuza kiwe bustani ya jiji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, na Uhispania na Uholanzi zikaongeza fedha zao. Mpango ni kuchimba na kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani lililoinuka, na kupanda miti na majani kwenye ardhi ambayo watu wameihama. Naunga mkono mpango huu kwa moyo wote. Nimevuka Jangwani tangu nikiwa mwanafunzi wa sare na daftari, na nimeona maji yakifanya mabaya hapo kiasi kwamba sitaki kusikia habari za nyumba kurudi bondeni.

Ila nina hoja moja naiona haijapewa uzito wake. Bonde hili liliingia kwenye ramani ya mji kama mpaka kati ya watu na watu. Tukichora bustani bila kulikumbuka hilo, tutapata mpaka mwingine, safari hii wenye maua.

Kijani cha kutenganisha

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mwaka 1866 na 1867, bado linatazamana na gati la boti za Zanzibar. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao hapa mwaka 1891, na Waingereza walipowafuata baada ya Vita vya Kwanza, mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kule Kariakoo.

Kati ya Uhindini na Kariakoo iliachwa ardhi wazi, kwa makusudi. Ardhi hiyo ndiyo Mnazi Mmoja. Wengi wetu tunapita pale kila siku tukidhani ni kiwanja kilichobahatika kubaki, kumbe kilikuwa uzio usio na waya.

Msimbazi ukatumika hivyo hivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Daraja la Salenda lilipojengwa mwaka 1929, lilifungua njia kwenda Oysterbay, kitongoji kipya cha Wazungu ng'ambo ya mlango wa mto. Mpango wa mji wa mwaka 1949 ukayaita mabonde kama haya njia za upepo, na ni kweli upepo wa bahari unapita humo. Lakini njia hizo za upepo ndizo zilizotenga pia kanda za makazi, na kanda za makazi zilikuwa kanda za watu wa rangi mbalimbali. Magomeni, iliyojengwa kwa ajili ya Waafrika, ikawekwa ng'ambo ya bonde.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloeleza sura ya bonde hadi leo. Angalia jinsi nyumba zinavyoligeuzia mgongo. Muhimbili imeligeuzia mgongo, Upanga imeligeuzia mgongo, hata Magomeni mitaa yake mikubwa inaishia kabla ya mteremko. Hakuna mtaa ulioshuka mtoni ukafika mahali pa kukaa. Madaraja yanavuka kwa haraka, watu wakiwa ndani ya mabasi, na chini yake mji mzima umegeuzia uso pembeni. Mahali pakishageuziwa mgongo na mji, panabaki kwa wasio na pengine pa kwenda: wajenzi wa vyumba vya bei nafuu, wachimba mchanga, wakulima wa mchicha wanaomwagilia kwa maji ambayo kila mmoja wao anajua yamepita Vingunguti na machafu yake.

Watu walivyoujaza mpaka

Na bado, bila mpango wa mtaalamu yeyote, watu wa mji huu waliziteka ardhi hizo za kutenganisha wakazifanya za kukutania.

Mnazi Mmoja pakawa pa Maulid na mikutano ya hadhara. Pembeni yake ukajengwa Ukumbi wa Arnautoglo, na humo ndimo chama cha TAA (Tanganyika African Association) kilipofanya uchaguzi wa mwaka 1953 uliomweka Julius Nyerere kwenye kiti cha urais wa chama, mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa TANU. Fikiria hilo. Ardhi iliyoachwa wazi ili Waswahili wasisogelee mji ikawa uwanja wa harakati zilizowaondoa wenye mji.

Jangwani nayo ikapata historia yake. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo wa Pili aliadhimisha misa pale. Agosti 2015 CCM na Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, walizindulia kampeni zao kwenye uwanja huo huo, wakipishana kwa siku chache, na kila upande ukajivunia kwamba wenyewe ndio uliojaza zaidi. Ukitaka kumwonyesha mtu katika nchi hii kwamba una watu, unamwambia: jaza Jangwani.

Kisha kuna mpira. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake mtaa wa Twiga na Jangwani, na mashabiki wake ni watoto wa Jangwani. Simba ni wekundu wa Msimbazi, kwa jina la mtaa uliobeba jina la mto. Klabu mbili kubwa kuliko zote Tanzania zimejipa majina ya bonde moja. Mtoto wa Songea au Bukoba ambaye hajawahi kuiona bahari anayajua maneno Jangwani na Msimbazi kabla hajajua kwamba kuna mto. Ni miji michache yenye utajiri wa namna hii uliolala kwenye tope.

Kwa hiyo mtu akiniambia bustani mpya itahitaji "kuletewa utamaduni", nashangaa. Utamaduni uko pale. Unachokosa ni kivuli, choo, taa na mahali pa kukaa.

Maji na mchanga

Tatizo la bonde si mvua peke yake. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, na kadiri miti ilivyopungua huko juu na nyumba zilivyojaa kandokando ya vijito, mto umekuwa ukishusha mchanga mwingi kuliko unavyoweza kuufikisha baharini. Kule juu una mteremko na kasi. Ukifika Jangwani ardhi inalala, kasi inaisha, mchanga unatua. Kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, na uwazi chini ya daraja unapungua. Takataka za plastiki zinamalizia kazi. Masika ikija wakati wa bamvua, bahari nayo imejaa pale Salenda, maji ya mto hayana pa kutokea. Yanarudi nyuma, yanalala juu ya barabara, na Magomeni inakatika na mjini.

Desemba 2011 mvua kubwa ambazo jiji lilikuwa halijaziona tangu mwaka 1954 ziliua zaidi ya watu 40. Waliopoteza nyumba bondeni walihamishiwa Mabwepande, huko kaskazini karibu na Bunju, mbali na kazi zao za Kariakoo. Baadhi wakarudi. Nimewasikia watu wakiwalaumu kwa ukaidi, na nadhani hawajawahi kupiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu anayeuza nyanya. Desemba 2015 ikafuata bomoabomoa ya bonde la Mkwajuni. Hata mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, karakana yake iliwekwa humo humo bondeni, na imefurika mara kwa mara.

Mwaka 2018 ndipo jambo lilipofanywa tofauti. Serikali, Benki ya Dunia na wadau wengine waliwakalisha pamoja wataalamu wa mito, wapangaji wa miji, manispaa na wakazi, wakachora kwa pamoja. Kilichotoka ni wazo ambalo mimi naliona zuri: acha mto uwe mpana, uwe na nafasi ya kufurika bila kuua, na ile nafasi ya kufurika iwe bustani siku ambazo haifuriki. Baada ya hapo ukaja mradi wenyewe, watathmini, fidia, na nyumba zikaanza kushuka. Juu ya fidia kulikuwa na manung'uniko mengi, hasa kwa wale ambao nyumba yao ilihesabiwa na ardhi chini yake haikuhesabiwa kama walivyotarajia.

Bustani ya nani?

Hapa ndipo penye uzito wa kisa.

Udongo utakaochimbwa mtoni umepangwa kuinua kingo za bonde, na sehemu ya kingo hizo itajengwa. Kiuhandisi ni akili. Mchanga lazima uende mahali, na majengo yanaweza kusaidia kulipia matunzo. Lakini kingo ndiyo mlango wa bustani. Kama kingo zote zitashikwa na maghorofa yenye geti na mlinzi, bustani itakuwa ua wa mbele wa wapangaji wao. Mkazi wa Suna au Hananasif, mitaa ya kando ya bonde, ataitazama kwa mbali, kama babu yake alivyoitazama Uzunguni.

Mji huu una mfano wa bustani iliyokosa watu wake. Bustani ya Mimea, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mazao. Nenda leo uone. Ni pazuri sana, kuna tausi wanaotembea kwa raha zao, kuna mikrismasi mikubwa, kuna mnazi wa Shelisheli ambao hata wenyeji wengi hawajui upo. Lakini ni kipande kidogo tu cha ilivyokuwa, kwa maana imemegwa pande zake kwa miaka mingi, jengo baada ya jengo. Na haikuwa na kelele ya kuitetea, kwa sababu mtu wa Buguruni au Tandika hajawahi kuwa na sababu ya kuingia. Linganisha na Boma la Kale. Lilipotaka kubomolewa mwaka 1979 watu walipinga, likasalimika, na baadaye likakarabatiwa kuwa kituo cha urithi wa majengo ya mji huu.

Mfano wa kufuata uko karibu, boti ya saa mbili hivi. Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Ukuta wa bahari ulijengwa upya, majani yakapandwa, taa zikawekwa. Jambo la maana kuliko yote ni kwamba wauza chakula wa jioni walirudi. Wangeweza kufukuzwa kwa jina la usafi, na pangebaki majani na mabenchi. Badala yake wakapewa nafasi kwa utaratibu, na jioni ikiingia moshi wa mishikaki unapanda, urojo unachotwa, watoto wanajitupa baharini kutoka ukutani huku watu wazima wakiwapigia makofi. Mgeni anafika kwa sababu mwenyeji yupo. Bila mwenyeji, mgeni angepiga picha moja akaondoka.

Jangwani si Forodhani, najua. Forodhani haifuriki tope la Pugu. Chochote kitakachowekwa kwenye sakafu ya bonde kinatakiwa kiwe cha kuoshwa na kuanikwa: viwanja vya mpira, njia za miguu, mabenchi ya zege. Mikoko ibaki na iongezwe kule maji ya chumvi yanakofika, kwa kuwa ndiyo inayoshika udongo wa mlango wa mto na ndiyo mazalia ya kamba na samaki. Juu kidogo mafunjo na matete. Kwenye kingo ipandwe miti ya kivuli ambayo watu wanaijua kwa majina: mikungu, miembe, mikwaju, miarobaini. Naomba sana tusiletewe safu za michikichi ya mapambo. Michikichi hiyo haimpi mtu kivuli saa saba mchana, na mtu wa Dar es Salaam anachagua pa kukaa kwa kivuli kabla ya kitu kingine chochote.

Majengo ya utamaduni yakae juu ya kingo, kwenye nusu ya nafasi ambayo sasa inaonekana ni ya mwekezaji. Sizungumzii ukumbi mkubwa wa vioo. Nafasi Art Space kule Mikocheni imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2008 kwenye eneo la maghala, wasanii wakichora ndani ya makontena, na watu wanajaa siku za onyesho. Paa, sakafu, umeme na choo kinachofanya kazi, basi. Jirani na Magomeni pawe na jukwaa la taarabu na muziki wa dansi, maana Magomeni ina historia yake ya kumbi. Upande wa mtaa wa Twiga pawe na nyumba ndogo ya kumbukumbu za mpira, ambapo mzee wa Simba na mzee wa Yanga wanaweza kubishana juu ya mechi za miaka ya sabini mbele ya picha zenyewe. Na pawepo ukuta wenye majina ya mitaa iliyohamishwa, na alama ya kimo cha maji ya Desemba 2011, ili mtoto asimame pale apime kwa urefu wake.

Ila la kwanza kuliko hayo yote ni baraza. Nyumba ya Mswahili ina kibaraza mbele, benchi la saruji ambalo ni la mwenye nyumba na ni la mpita njia pia. Hapo ndipo habari zinapopokelewa, bao linapochezwa, wagonjwa wanapoulizwa hali. Mjini tumelirithi kama kijiwe. Kijiwe cha kahawa hakitaki kiingilio, hakikuulizi unanunua nini, na mtu asiyekuwa na shilingi mia anaweza kukaa mpaka adhana ya isha. Bustani yenye vibaraza kila mtaa unaposhukia bondeni itakuwa imegeuzwa uso kuelekea watu wake. Bustani yenye geti mbili kubwa na maegesho ya magari itakuwa imegeuzwa uso kuelekea barabara. Tofauti ya gharama kati ya hizo mbili ni ndogo sana kwa mradi wa ukubwa huu. Tofauti ya maisha ni kubwa.

Vilevile kuna suala la nani ataitunza. Jiji la watu milioni 5.38, kwa sensa ya mwaka 2022, lina viwanja vichache vya wazi, na vingi vimeharibika kwa kukosa wa kuvifagia. Nashauri wale wakulima wa mchicha na wachimba mchanga wapewe kazi hiyo kwanza. Wanaujua mto kuliko sisi sote. Mchanga hautaacha kushuka, daraja liinuliwe au lisiinuliwe, na kuuchota kutakuwa kazi ya kudumu ya kila mwaka. Kuwatoa bondeni kisha kuleta kampuni ya kufanya walichokuwa wakikifanya ni kuwakosea mara mbili. Na kule Pugu miti irudi, la sivyo tutakuwa tunafagia sebule huku mlango wa nyuma uko wazi.

Njia ya mzee

Nilimuuliza yule mzee aliyekaa penye kahawa kama bustani ikija ataingia.

"Nitaingilia wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ramani inaonyesha njia za miguu. Akatikisa kichwa, akaweka kikombe chini, akanyanyuka taratibu akishika goti. Alinionyesha kwa mkono njia inayoanzia kwenye kona ya sakafu ile, upana wa mtu mmoja, imekanyagwa hadi majani yamekoma kuota. Inashuka kwenye tope lililokauka, inapita kando ya tuta la mchicha, inazunguka kiwanja ambacho vijana walikuwa wakicheza mpira bila viatu, inafika mahali ambapo kiangazi mto unavukika kwa mawe matano, kisha inapanda ng'ambo na kutokea nyuma ya mtaa wa Twiga. Ameipita hiyo kwenda Kariakoo tangu ujana wake, akasema, na masika akiikosa huisubiri ikauke.

Niliihesabu kwa hatua zangu siku iliyofuata asubuhi. Sehemu mbili zina utelezi, moja inataka daraja dogo la miguu, na juu, pale sakafu ilipo, kuna mwembe ambao watu wa kubomoa waliuacha.